Kuomba tuzo, kuandika bure au kuuza sehemu: mwandishi wa mtandaoni achague vipi?

Mwandishi yeyote wa hadithi za mfululizo Facebook au WhatsApp anaufahamu usiku huu. Umeshabandika sehemu ya 14. Chini yake wasomaji wanamiminika: "Usituache roho juu", "Tupia nyingine basi", "Mwandishi uko wapi?" Wakati huohuo mtandao unakutumia ujumbe kuwa bando linakaribia kuisha, na bando lenyewe ulilinunua kwa hela ya mboga. Hapo swali linakuja lenyewe. Niweke namba ya simu, anayeguswa anitunze, yaani anitumie tuzo ya hela kwa hiari yake? Niendelee bure kama nilivyoanza? Au sehemu ya 15 niihamishie WhatsApp kwa atakayelipa?

Nimepita njia zote tatu kwa nyakati tofauti. Kila moja ilinipa kitu na kuninyima kingine, ndiyo maana siwezi kumwambia mwandishi mwenzangu kwamba hii ndiyo, zile achana nazo. Ninachoweza ni kuziweka ubavu kwa ubavu na kuzipima kwa mizani moja.

Kwetu pwani jambo hili lina mfano wake, nao ni taarab. Kwenye taarab ya arusi wageni hawalipi kitu, kwa sababu mwenye shughuli ameshakilipa kikundi. Kwenye onyesho la ukumbini kuna kiingilio mlangoni: unalipa, unaingia. Na kote kuwili, ndani, kuna kutunza. Mwimbaji anafika kwenye ubeti unaomchoma mtu moyoni, mtu huyo anainuka, anakwenda mbele kwa madaha na noti mkononi, anamtunza, anarudi kukaa. Waliobaki vitini wamesikia ubeti uleule bila kutoa kitu, na hakuna anayewatazama vibaya. Mwandishi wa bure ni mwimbaji wa arusini, ila mwenye shughuli ni yeye mwenyewe. Anayeuza sehemu ameweka kiingilio. Anayeomba tuzo anasubiri mtu ainuke.

Tofauti hiyo ndiyo nitakayoirudia mpaka mwisho, kwa sababu ugomvi mwingi ninaouona kati ya waandishi na wasomaji unatokana na kuichanganya. Mtu anasema "nitunzeni kwa hiari", halafu hadithi inasimama wiki mbili mpaka hela itimie. Hiyo si hiari tena. Ni kiingilio ambacho bei yake haikutajwa.

Vigezo

Nitazipima njia hizi kwa mambo manne. La kwanza ni hela: kiasi gani na kwa uhakika gani. La pili ni msomaji: anajisikiaje, anabaki au anaondoka. La tatu ni kalamu: nani anaamua hadithi iende wapi. La nne ni usumbufu, yaani namba, wizi, kodi na muda wako.

Hela

Kabla ya pesa za simu mazungumzo haya yasingekuwapo. M-Pesa ilianza Kenya Machi 2007 na Tanzania mwaka uliofuata. Kabla ya hapo msomaji wa Mbeya hakuwa na njia rahisi ya kumpa mwandishi wa Tanga shilingi mia tano. Leo anaituma akiwa bado ameishika simu aliyosomea hadithi.

Anayeomba tuzo ajue mambo mawili. Wanaotoa watakuwa wachache sana kuliko wanaosoma, na hela yao itakuja kwa mawimbi. Sehemu iliyoliza watu huleta, sehemu ya mpito haileti kitu. Mwisho wa mwezi huleta, katikati ya mwezi kimya. Huwezi kumwambia mwenye nyumba akusubiri mpaka uandike kifo cha mhusika. Halafu kuna makato. Kenya, kutuma M-Pesa kiasi kisichozidi shilingi 100 hakuna makato, kwa hiyo tuzo ya shilingi 50 inamfikia mwandishi bila kumwongezea mtoaji mzigo. Tanzania tulipata somo Julai 2021 tozo ya miamala ilipoanza, kati ya shilingi 10 na 10,000 kulingana na kiasi kinachotumwa au kutolewa. Ilipunguzwa kwa asilimia 30 Septemba ya mwaka huohuo na ikaguswa tena baadaye, lakini somo ni lilelile: gharama ya kutuma ikipanda, kinachokufa kwanza ni vile vitu vidogovidogo vya hiari. Mtu ataendelea kumtumia mama yake. Mwandishi atasubiri. Kwa hiyo kabla ya kutangaza namba, linganisha makato ya kutuma kwa kawaida na ya Lipa Namba (namba ya kupokelea malipo ya biashara) kwenye mtandao wako, maana hayafanani.

Wasomaji wa nje ya nchi ni habari nyingine. Mwenye kusoma Kiswahili akiwa Muscat, London au Minneapolis hutoa mara chache, lakini akitoa hutoa cha kueleweka, na mara nyingi huituma kwa huduma zilezile anazotumia kupeleka hela nyumbani, ikaingia moja kwa moja kwenye simu. Waandishi wengi wanatamani kitufe cha kuchangiwa kama cha Patreon, Ko-fi au Buy Me a Coffee. Majukwaa hayo hupitisha hela kwa kampuni za malipo kama PayPal na Stripe, na hapo ndipo penye mlango mwembamba. Mkenya ameweza kutoa salio la PayPal kwenda M-Pesa tangu 2018. Mtanzania kwa miaka mingi akaunti yake ya PayPal imekuwa ya kulipia watu, si ya kupokelea. Hakikisha kwanza hela inaweza kukufikia, ndipo uweke kitufe.

Kuuza sehemu kunaleta hela nyingi zaidi kwa idadi ileile ya watu, hilo nalisema wazi. Tuchukue hesabu ya kubuni. Una wasomaji 300. Ukiomba tuzo, tuseme 9 wanakupa shilingi 1,000 kila mmoja: umepata 9,000. Ukitangaza kuwa hadithi nzima ni shilingi 1,000 na 40 wakanunua, una 40,000. Lakini 260 wamebaki nje ya mlango, na kati yao wamo waliokuwa wakiisambaza hadithi yako kila kundi. Wewe ndiye unayejua kama unahitaji zaidi zile 40,000 za leo au midomo ile 260.

Kuandika bure hakuleti hela ya moja kwa moja, na bando ni lako. Faida yake inazunguka: mtu anakusoma mwaka mzima, siku moja anahitaji mtu wa kumwandikia igizo la redio, wasifu wa babu yake au maneno ya tangazo, anakukumbuka. Pia bure ina heshima yake ya zamani. Shaaban Robert aliingia idara ya forodha mwaka 1926 na aliishi kwa ajira ya serikali sehemu kubwa ya maisha yake. Kazi tunazozisoma mpaka leo ziliandikwa na mtu ambaye chakula chake cha jioni hakikutegemea mauzo yake. Mwenye mshahara asione haya kuandika bure, wala asiwaone wasio na mshahara kuwa na tamaa.

Matangazo niyataje kwa ufupi tu. Google AdSense haikulipi mpaka salio lifike dola 100, na inahitaji tovuti au blogu yako mwenyewe, na watu wengi ili kufika hapo. Kwa mwandishi wa hadithi anayeanza, hiyo ni safari ndefu.

Msomaji

Hapa ndipo kuomba kuna utamu wake na uchungu wake, na ndipo nataka kukaa kidogo.

Lugha ya ombi ina uzito. Waandishi wengine hutafsiri ombi la Wazungu wakaandika "ninunulie chai". Kwa Mkenya, chai ndiyo anayoombwa barabarani na mtu aliyepaswa kumhudumia bure, hivyo neno linakuja na harufu ya rushwa. Ukisema "sadaka", umejigeuza mhitaji, na msomaji ataanza kukulinganisha na yatima na msikiti unaojengwa. "Nichangieni" inafanana na harambee, ambayo huwa na kiwango na tarehe. "Nichangie bando" ni ya kweli na inaeleweka, kwa sababu kila mtu anajua bila bando hakuna sehemu ya 15. Mimi nimekuja kulipenda neno la taarab, "kutunza". Linamweka mtoaji mahali pa mtu aliyefurahi, na mpokeaji mahali pa fundi. Tena neno hilohilo ndilo tunalotumia kwa kumlea mtoto na kuihifadhi mali isiharibike.

Wakati wa kuomba nao una adabu. Ombi likikaa juu ya hadithi, msomaji anakutana na mkono kabla hajaonja kitu. Likikaa kila sehemu, anaacha kuliona, au anachoka. Mahali pake ni chini, baada ya sehemu nzito, na kwa nadra.

Lakini jambo lililoniumiza zaidi sikulitarajia. Nilipoweka namba mara ya kwanza, baadhi ya wasomaji wangu wa zamani walinyamaza. Walikuwa hawakosi kukomenti, mara ghafla kimya. Nilidhani wamekasirika. Baada ya miezi mmoja akanifuata inboksi akaniambia kuwa bado anasoma kila sehemu, ila anaona haya kuandika "nzuri sana" wakati wengine wanatoa hela na yeye hana. Tangu siku hiyo, kila nikiomba tuzo naandika na hili: anayesoma kimya ni msomaji wangu, anayekomenti ni msomaji wangu, na anayemtumia rafiki yake amenitunza kuliko hata wa noti. Siandiki kwa adabu tu. Bila wao asingekuwapo wa kutunza.

Kuna na suala la kushukuru. Ukumbini mtu anatunza hadharani, na kuonekana ni sehemu ya raha yake. Mtandaoni si kila mtu anataka. Dada mmoja aliniomba nisimtaje jina, kwa sababu mumewe angeuliza ni mwanamume gani huyo aliyetumiwa elfu tano. Siku hizi nashukuru mmoja mmoja, faraghani, na hadharani nasema tu "walionitunza nimewaona, ahsanteni."

Kuuza kunamweka msomaji mahali pengine kabisa. Sasa ni mteja, na mteja ana haki. Ukiugua malaria katikati ya hadithi, una deni. Anayelipa anauliza kwa nini sehemu ya leo ni fupi, na ana haki ya kuuliza. Upande mwingine, kuuza kuna uwazi ambao kuomba hakuna. Hakuna anayemwonea mwenzake haya. Bei inajulikana, mtu anachukua au anaacha, na kitu kilicholipiwa husomwa mpaka mwisho. Kinachowaudhi watu ni kufungiwa mlango katikati. Umewapa sehemu 20 bila kusema neno, wamempenda msichana wa hadithi, halafu siku anayotekwa unaandika "itaendelea WhatsApp, sh. 2,000". Lawama zitakazofuata zina msingi. Bei ikitajwa tangu sehemu ya 1, lawama hazipo.

Bure inafungua mlango kwa wote: mwanafunzi wa kidato cha pili, mama wa gengeni, mlinzi wa usiku anayesoma kwenye simu kurasa alizorushiwa na jirani yake. Hadithi husafiri mbali kwa namna hii kuliko kwa nyingine yoyote. Ila bure ina ugonjwa wake nayo. Baadhi ya wasomaji husahau kuwa kuna mtu upande wa pili. Ukikaa siku mbili wanakugombeza kana kwamba wamekuajiri.

Kalamu

Anayekutunza anatunza ubeti uliomgusa, na hilo ni jema. Tatizo linakuja akianza kutunza ubeti ambao hujauimba.

Kuna msomaji mmoja alinitumia kiasi kikubwa kuliko wote waliomtangulia, kisha akaniomba mhusika fulani, binti wa mvuvi, asife. Nilikuwa nimeshapanga afe baharini sehemu ya 31, na hadithi nzima ilikuwa ikienda huko. Nilimwokoa. Wengi walifurahi. Lakini mimi nilijua kuanzia sehemu ya 32 kwamba ninaburuta hadithi isiyokuwa na pa kwenda, na niliimaliza vibaya. Sikumlaumu yule msomaji hata siku moja, aliomba tu kama mtu anavyoomba. Aliyepokea na kugeuza usukani ni mimi. Kwa hiyo kwa njia ya tuzo nina sharti moja: mwisho wa hadithi uwe umeshaandikwa kabla namba haijawekwa. Hapo hata akija mwenye milioni, jibu ni rahisi, kwamba hadithi imeshakwisha na ninaibandika tu.

Kuuza kunakusukuma kwa namna nyingine. Kama unalipwa kwa sehemu, kila sehemu itataka kuishia mtu akiwa ameshika kitasa cha mlango. Hadithi ya sehemu 25 inavutwa mpaka 60. Wapo wanaoimudu kazi hiyo vizuri sana, na kuning'iniza msomaji ni ufundi halisi, si hila. Lakini kama hadithi yako ni ya taratibu, ya mzee na ukimya wake, bei kwa kila sehemu itaiua. Iuze nzima, mara moja.

Anayeandika bure anaonekana kuwa huru kuliko wote, na mara nyingi ndivyo. Anaweza kuandika shairi litakalosomwa na watu kumi tu. Ila asijidanganye kuwa hana bwana. Idadi ya waliopenda nayo inaamrisha, tena bila kulipa. Na bure ina hatari ambayo naiona kila wiki: hadithi kufa sehemu ya 9. Hakuna aliyelipa, hakuna anayedai kwa haki, maisha yanabana, mwandishi anapotea. Tuzo ndogo, hata ya bando tu, imewahi kunirudisha mezani usiku ambao nisingerudi.

Usumbufu

Namba kwanza. Ukiweka namba yako ya kawaida, anayetuma hela ataliona jina ulilosajilia laini. Kama unaandika kwa jina la kalamu, siri imekwisha. Kwa waandishi wa kike, hasa wa hadithi za mapenzi, kuna simu za saa sita usiku kutoka kwa watu wanaodhani kuwa anayeandika mambo hayo anayatafuta. Hili si dogo, na limewafukuza watu wenye vipaji. Tumia Lipa Namba, au kwa Kenya namba ya till, au walau laini ya pembeni ambayo haipokei simu. Ushauri huu ni kwa anayeomba na kwa anayeuza pia. Anayeandika bure amejiepusha nalo kabisa, na kwa baadhi hiyo pekee ni sababu tosha ya kubaki bure.

Anayeuza ana wezi wake. Yuko anayetuma ujumbe wa kughushi wa "umepokea", kwa hiyo angalia salio, usiangalie ujumbe. Yuko anayelipa, anapokea PDF, halafu anadai alikosea namba. Kenya ombi la kurudishiwa hela ya M-Pesa hutumwa kwa namba 456 na hela inaweza kuzuiwa wakati wewe umeshakabidhi kazi. Na yuko anayenunua moja na kuigawa kwenye makundi kumi. Huwezi kuzuia yote. Unaweza kuweka jina la mnunuzi kwenye kila ukurasa, inapunguza.

Kwenye kuomba, mwizi anakuja kwa mlango mwingine. Anakili hadithi yako, anafuta jina lako, anaibandika kwenye kundi jingine na kuweka namba yake chini. Tuzo ya machozi uliyoyatoa wewe inaingia kwake. Andika jina lako na namba ndani ya hadithi, katikati ya aya, si mwisho tu ambako kufuta ni rahisi. Kazi kubwa isajili kwenye ofisi ya hakimiliki: Tanzania ni COSOTA, Kenya ni KECOBO. Usajili hauzuii wizi, ila unakupa karatasi ya kuonyesha.

Kodi nayo ipo. Kenya tangu Julai 2023 sheria inataka mkazi anayelipwa kwa maudhui ya mtandaoni akatwe asilimia 5 na anayemlipa, na Tanzania iliweka zuio la asilimia 5 kwa watengeneza maudhui mwaka 2024. Tuzo za elfu moja moja kutoka kwa wasomaji si jambo lilelile na mkataba wa kampuni, lakini kipato kikikua usikisie, muulize mtu wa mamlaka ya mapato, TRA kwa Tanzania au KRA kwa Kenya. Kwa Tanzania, anayetaka kufungua blogu yake aangalie pia masharti ya mamlaka ya mawasiliano, TCRA, ya wakati huo, maana kanuni za maudhui ya mtandaoni zimebadilishwa zaidi ya mara moja tangu 2018.

Muda: bure inachukua muda wa kuandika tu. Kuomba kunaongeza dakika chache za kushukuru. Kuuza ni duka. Kuna siku niliandika aya mbili tu kwa sababu mchana wote nilikuwa nahakiki malipo na kuongeza watu kwenye kundi.

Inamfaa nani

Kuomba kunamfaa aliyekwisha kuaminika, anayemaliza anachoanza, na ambaye akipata shilingi sifuri mwezi huu hadithi itaendelea vilevile. Kuandika bure kunamfaa anayejifunza, mwenye kipato kingine, anayetaka kufika mbali, au anayelinda siri ya jina lake. Kuuza kunamfaa mwenye kazi iliyokamilika, wasomaji wanaomwuliza "nzima unauzaje?" kabla hajasema, na roho ya kuhudumia wateja.

Hali kwa hali

Kama hii ndiyo hadithi yako ya kwanza, iandike bure mpaka neno "mwisho". Hakuna anayejua kama utamaliza, na hata wewe hujui. Ukimaliza, chini ya sehemu ya mwisho weka namba, mara moja, uone nani anainuka.

Kama umemaliza mbili tatu na wasomaji wanakujua kwa jina, omba tuzo bila haya, ila mara chache na kwa maneno ya furaha.

Kama unaandika kwa ajili ya vijana wadogo, au mambo ya afya na malezi ambayo mtu anayahitaji hasa akiwa hana hela, usiweke mlango. Tuzo inaruhusiwa, kiingilio hapana. Huu ni msimamo wangu na najua wapo wanaoupinga.

Kama wasomaji wako wengi wako Kenya, tuzo ndogondogo zina nafuu kwa sababu ya ile shilingi 100 isiyokatwa. Wakiwa Tanzania, wape nafasi ya kutunza mara moja kwa hadithi nzima badala ya kidogo kidogo. Wakiwa Ughaibuni, waambie kazi nzima inapatikanaje. Wengi wao wangependa kununua kuliko kutunza, na hawajui wamuulize nani.

Kama una shida ya sasa hivi, kodi ya nyumba au dawa ya mtoto, usiifiche chini ya hadithi. Tuzo hazilipi kodi ya nyumba. Uza kazi uliyokwisha kuimaliza, tafuta kazi ya kuandika ya kulipwa, au kama ni msiba au ugonjwa, sema wazi kuwa ni mchango, utaje kiwango na mwisho wake. Watu wetu huchangia. Wanachochukia ni kulizwa na mhusika wa kubuni kumbe wanachangishwa.

Na kama unataka njia mbili kwa pamoja, inawezekana, taarab imefanya hivyo miaka yote: kiingilio mlangoni, tuzo ndani. Sharti ni kutochanganya milango. Msomaji ajue tangu sehemu ya 1 kipi ni bure, kipi kina bei, na kipi ni hiari.

Mimi, kwa hadithi ninayobandika sasa, sehemu zote 30 ni bure. Lipa Namba iko chini ya sehemu ya 10, ya 20 na ya mwisho tu, pamoja na salamu kwa wanaosoma kimya. Hadithi iliyotangulia, ambayo imekwisha, inauzwa nzima kwa PDF na bei yake imeandikwa juu kabisa. Na binti wa hadithi ya safari hii nimeshamwandikia mwisho wake tangu mwezi wa pili, umefungwa kwenye daftari, kabla hata sehemu ya 1 haijatoka.